Tone la Mwisho Mlangoni kwa Otatsu

Gonshichi mwuza mafuta alikuwa mwoga, na kusema hivyo si kumsengenya. Fukagawa nzima, mtaa wetu wa Edo, ilijua. Aliogopa mbwa, aliogopa radi, aliogopa askari walevi wenye panga mbili kiunoni, na kuliko vyote aliogopa moto, kwa sababu wazazi wake wote wawili waliteketea siku moja alipokuwa na miaka tisa. Halafu mtu huyohuyo, kwa miaka thelathini, alizunguka mitaani na mzegazega begani, ndoo ya mafuta mbele, ndoo ya mafuta nyuma. Watu walipomcheka alikuwa na jibu tayari: "Sasa mnataka mafuta yabebwe na nani? Asiyeogopa moto?"

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Gonshichi alikuwa amekusudia kwamba kwake kiendelee kwenda kicheko mpaka azeeke.

Kazi yenyewe ilikuwa ya polepole. Mwuza samaki hukimbia, maana samaki hamngojei mtu. Mwuza tofu hutembea upesi. Mwuza mafuta hawezi. Huteka mafuta kwa kibaba cha mbao, akamimina kwenye gudulia la mnunuzi kwa faneli, na yakishapungua ndipo shughuli inapoanza: uzi mwembamba, kisha tone, kisha tone jingine, kisha lile linaloning'inia ukingoni halitaki kuanguka. Matone hayo ni haki ya mnunuzi. Mwuzaji akiinua kibaba kabla halijaanguka la mwisho, amepunja, na kabla ya jioni mtaa mzima utakuwa umeshamjua kwa jina la mwizi. Basi huchuchumaa pale mlangoni akangoja. Na kwa kuwa mtu hawezi kuchuchumaa mbele ya mwanamke wa watu akiwa bubu, hupiga soga.

Ndiyo sababu huku kwetu Edo mtu anayepoteza wakati kwa porojo huambiwa anauza mafuta. Fundi akikawia chooni, wenzake humwuliza kama alikuwa anauza mafuta. Mume akitumwa chumvi akarudi jua limekwisha pinduka, mke humwuliza ameuza mafuta kwa nani. Tumeizoea kauli hiyo, hatufikirii tena ilikotoka. Gonshichi aliifikiria, na ilimkera. "Wao wenyewe ndio wanaodai tone lao," alikuwa akisema, "halafu mzembe ni mimi."

Katika wateja wake wote, hakuna aliyedai tone lake kama Bibi Otatsu. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mshonaji, aliyekaa chumba cha mwisho cha safu ya nyumba za kupanga, mwisho kabisa wa kichochoro, pamoja na mjukuu wake Onui, mtoto wa miaka mitano aliyefiwa na mama. Otatsu alikuwa akichuchumaa mbele ya Gonshichi, akinyoosha kidole na kuhesabu. "Hilo moja. Usiinue. Kuna jingine nyuma yake, naliona." Onui alijifunza kuhesabu kwa matone hayo, na akifika ishirini alipiga makofi.

Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa ya mwezi wa tisa, siku moja baada ya mvua. Njia zilikuwa matope matupu. Siku mbili kabla yake mtu alikuwa amemchoma kisu karani wa duka moja mtaa wa pili, karani akafa, na mwuaji hakupatikana. Gonshichi alikuwa amekwisha ambiwa habari hizo milangoni mara nne. Kile kichochoro cha kwa Otatsu kilikuwa kitupu, kwani wanawake wengi walikwenda kwenye gulio la hekaluni, na maseremala watano waliopanga vyumba vya mwanzo, karibu na lango, walikuwa kazini. Hao hurudi kula kengele ya adhuhuri ikilia. Gonshichi hakupenda kichochoro kitupu. Akatembea upesi, akafika mlango wa mwisho, akausukuma kando kama siku zote na kuita.

"Mafuta, Bibi Otatsu. Leo mazuri, mazito."

Otatsu alitoka nyuma ya kiambaza cha karatasi kilichogawa chumba, gudulia mkononi. Hakumtazama. Akaliweka gudulia ukingoni mwa ubao wa sakafu ulioinuka mlangoni, akarudi nyuma hatua moja, akasimama. Gonshichi alitua mzegazega, akachuchumaa, akamimina. Uzi ulipokuwa mwembamba, akainama kama kawaida kungojea matone, na kinywa chake kilikwisha anza habari ya binti wa mwuza chai aliyeachika.

"Inatosha," alisema Otatsu. "Nenda zako."

Gonshichi aliinua kichwa. "Bado yanadondoka, bibi."

"Nimesema inatosha. Nenda."

Miaka kumi na minne amemwuzia, hajapata kusikia neno hilo kutoka kinywa kile. Kwanza alidhani mama mzee anaumwa, maana uso wake ulikuwa na rangi ya karatasi. Kisha macho yakamshuka kwenye ubao uliokuwa kati yao, ubao ambao Otatsu huupiga deki mpaka unang'aa, na hapo akaona matope. Nyayo mbili, tatu, nne, za ndara za majani, kubwa, za mwanamume. Zilitoka mlangoni, zikapanda ubaoni, zikaenda moja kwa moja juu ya mikeka mpaka nyuma ya kiambaza. Zilikwenda. Hakuna zilizorudi.

Mtu haingii nyumbani kwa watu na viatu. Mtoto wa miaka miwili anajua. Anayepanda mkeka na ndara zake ni mzima-moto nyumba ikiwaka, au ni mtu ambaye hakukusudia kuwaacha wenye nyumba wakisimulia.

Damu ilimkimbia Gonshichi. Wazo lake la kwanza, na mimi msimulizi simfichi mtu aibu yake, lilikuwa kukimbia. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Mzegazega ulikuwa pembeni yake, mlango ulikuwa wazi mgongoni kwake, na mwenye nyumba mwenyewe amemwambia nenda. Angetoka tu, akatembea taratibu mpaka kibanda cha walinzi, akasema, halafu wajue wao. Alikwisha shika ukingo wa kibaba akiinue.

Nyuma ya kiambaza akasikia pumzi ya mtoto. Ilikuwa pumzi ya kwikwi, ya mtoto aliyezibwa kinywa.

Gonshichi hakuwa na mpango wowote, wala hakupata ushujaa ghafla kama watu walivyopenda kusimulia baadaye. Alichojua kilikuwa kimoja tu. Huyu mtu ameonwa uso na bibi na mjukuu. Mlango huu ukifungwa, atawamaliza wote wawili, kisha atatoka. Lakini maadamu mafuta yanadondoka, mwuza mafuta ana haki ya kuwa mlangoni, na maadamu yuko mlangoni, mtoto anapumua. Kengele ya adhuhuri haikuwa mbali.

"Siwezi, bibi," alisema. "Nikuache na upungufu, kesho unitangaze kwa mtaa mzima? Tuyangoje. Haraka haraka haina baraka."

Otatsu alimtazama kwa mara ya kwanza. "Basi ngoja," alisema polepole. "Ni haki yangu."

Akangoja. Tone likaanguka. Gonshichi akaanza kusema, kwa sababu mwuza mafuta aliyenyamaza ni kama kengele iliyopasuka, kila mtu angejua kuna jambo. Alisema juu ya mvua. Alisema juu ya bei ya figili. Alisema juu ya mwuza chai na binti yake, akaimaliza habari yote, akajikuta ameianza tena. Macho hakuyainua hata mara moja, aliyakaza kwenye ukingo wa kibaba, kwa kuwa aliamini, kama waoga wote wanavyoamini, kwamba usichokitazama hakikuoni.

Hatua zilisikika kichochoroni. Alikuwa Tomekichi mwuza samaki, kijana mwenye mdomo aliyepishana naye langoni, akirudi na ubao mtupu kichwani.

"Yaani mzee bado uko hapo hapo? Nimemaliza mitaa mitatu, wewe unauza mafuta tu. Bibi Otatsu, mfukuze huyo, ataota mizizi."

Kiambaza kilitikisika kidogo. Gonshichi alisikia kitu chembamba kikikwaruza karatasi, na hakuhitaji kuambiwa ni nini. Angekonyeza jicho, Tomekichi angeuliza kwa sauti anakonyezewa nini. Ndivyo alivyo Tomekichi.

"Nenda zako," Gonshichi alisema, akajilazimisha kucheka. "Kaoge kwanza, unanuka kuliko ulichokuwa umebeba."

"Ndiyo biashara ilivyo, mzee. Bora kunuka kuliko kulala." Akaenda akipiga mluzi. Gonshichi alisikiliza mluzi ule ukipungua, na alipoacha kuusikia alitamani kulia.

"Bibi."

Sauti ilitoka nyuma ya kiambaza. Ilikuwa ya chini, ya upole, sauti ya mtu asiye na haraka.

"Mwambie mwuza mafuta tone lake la mwisho limeshaanguka. Nimelisikia."

Otatsu alimgeukia Gonshichi. "Mpwa wangu," alisema. "Amekuja kutoka shamba."

"Karibu Edo, bwana," alisema Gonshichi, akiinamia kibaba. "Ni kweli, hilo lilikuwa la mwisho. La kibaba cha kwanza. Bibi Otatsu huchukua viwili."

"Huchukua viwili," alisema Otatsu. Maisha yake yote hajachukua zaidi ya kimoja.

Sauti ikacheka kidogo. "Basi mimina. Tusimpunje bibi."

Akamimina. Mafuta yakapiga ukingo wa faneli, akashika kibaba kwa mikono miwili. Sasa alijua kwamba yule mtu anajua, au karibu anajua, na kwamba anangoja tu aone mzee huyu atafika wapi. Kuogopa namna hiyo hakujawahi kumpata, hata siku ya moto. Siku ya moto alikimbia.

"Endelea na hadithi," ilisema sauti. "Huyo kijana amesema unauza mafuta. Shambani kwetu hatusemi hivyo. Maana yake nini?"

"Ni kejeli tu, bwana." Akaeleza, maneno yakitoka yenyewe. Akaeleza alivyoambiwa na tajiri wake wa zamani, Kahei, kwamba waliochuma kauli hiyo hasa walikuwa wauza mafuta ya nywele. Wanawake walinunua wakitaka na habari za mjini juu yake, na mwuzaji aliyekuwa na habari nyingi alirudi na ndoo tupu. "Kwa hiyo watu wakaona tunakaa, tunaongea, tunakaa. Hawakuona matone. Mtu akipita njiani haoni matone, bwana, anaona mtu amekaa."

"Na wewe huongea nini, habari za mjini zikiisha?"

"Chochote, bwana. Habari za nyumbani."

"Una watoto?"

Miaka thelathini mtu akimwuliza Gonshichi swali mlangoni, hujibu. Ndiyo kazi. Uongo huhitaji akili, na akili yake yote ilikuwa kwenye mikono miwili iliyoshika kibaba. "Ninaye mmoja," alisema. "Oyae. Ameolewa na fundi miavuli, huko Honjo."

"Honjo ni kubwa."

"Huwezi kupotea, bwana. Ukivuka mfereji wa pili, daraja la mbao, utaona miavuli imetandazwa ikikauka mbele ya nyumba. Kuna mmoja mwekundu, huo hauuzwi, ni wa maonyesho."

"Na mumewe, mchana yupo?"

"Mchana? Hapana. Hupeleka kazi madukani mpaka jioni. Anabaki Oyae na kichanga chake."

Tone likaanguka. Nyuma ya kiambaza sauti haikuuliza tena. Ilitulia kama mtu aliyeshiba, na katika utulivu huo Gonshichi akasikia, neno kwa neno, alichokuwa amekisema. Ulimi wake ulikuwa umemtoa binti yake kama kibaba cha nyongeza. Alitaka kusema nimekudanganya, hakuna Oyae, hakuna mwavuli mwekundu, lakini kinywa kilichoongea asubuhi nzima kilikuwa kimekufa.

Hapo kengele ikalia. Mapigo matatu ya kuita masikio, kisha tisa, maana Edo adhuhuri hupigwa tisa, moja baada ya jingine, na kabla ya la tisa lango la kichochoro lilibamizwa na sauti za maseremala zikajaa, wakitukanana kwa mapenzi juu ya nani amekula samaki wa jana.

Kiambaza kikasogezwa. Gonshichi hakuinua macho. Aliona miguu tu: ndara za majani zenye matope, soksi za buluu za kufunga mpaka magotini, kama za kila mchukuzi wa mjini. Miguu ilikuja ubaoni, ikasimama pembeni ya gudulia. Tone lilikuwa linaning'inia. Kidole kilishuka polepole, kikalichukua lile tone ukingoni mwa kibaba, kikalipangusa kwenye bega la Gonshichi.

"Limekwisha sasa," ilisema sauti juu ya kichwa chake. "Umefanya kazi yako vizuri, mzee. Nikipita Honjo nitamsalimia Oyae."

Miguu ikashuka, ikatoka. Gonshichi alisikia maseremala wakimwamkia, naye akiwajibu kwa adabu, kama mpwa wa mtu.

Otatsu alikwisha rukia nyuma ya kiambaza. Akatoka na Onui kifuani, kitambaa cha kufutia mikono bado kimefungwa kinywani mwa mtoto, akikifungua kwa meno kwa sababu vidole vilikataa. "Yu hai," alisema. "Gonshichi, yu hai, hana hata mkwaruzo." Akatazama mlangoni amshukuru. Kulikuwa na ndoo mbili na mzegazega, na kibaba kimepinduka ubaoni, mafuta yakienea juu ya matope. Mwenyewe hakuwepo.

Alikuwa anakimbia. Mzee wa miaka hamsini na mitatu, mwenye magoti mabovu, amepita maseremala bila salamu, amewaacha wakiduwaa, amepita lango, amepita kibanda cha walinzi na hakukumbuka kusimama. Njia ya Honjo ilikuwa imejaa watu wa adhuhuri. Mbele yake kulikuwa na migongo, na chini ya kila mgongo wa pili kulikuwa na soksi za buluu. Aliwapita mmoja mmoja, kila akimpita mmoja roho inamruka, akingoja mkono umshike begani pale palipolowa mafuta. Hakuthubutu kugeuka amtazame hata mmoja. Darajani aliteleza akaanguka kifudifudi, mwanamke mmoja akamwuliza kama anafukuzwa. Hakujua ajibu nini. Hakujua kama anafukuzwa au anafukuza.

Miavuli ilikuwa imetandazwa mbele ya nyumba, na ule mwekundu katikati. Mlango ulikuwa wazi. Alijaribu kuita, sauti haikutoka.

Oyae alijitokeza na mtoto mgongoni, vidole vimejaa gundi. "Baba? Ndoo ziko wapi? Usiniambie umeyauza mafuta pamoja na ndoo zenyewe."

"Kuna mtu amekuja?"

"Mtu gani?"

"Mwanamume. Amekuja mwanamume hapa?"

"Asubuhi fundi wa mianzi. Baba, unatoka damu. Keti."

Aliketi kizingitini, akamvuta Oyae nyuma yake kwa nguvu hata mtoto akaanza kulia, akamweleza. Alieleza yote, mpaka na alichokisema juu ya mfereji na mwavuli, na hapo alijificha uso. Oyae hakumlaumu. Aliukunja mwavuli mwekundu, akauingiza ndani, akaja akachuchumaa karibu naye. Alikuwa na akili zaidi ya babake, sikuzote alikuwa nazo.

"Sawa," alisema. "Nitawaambia majirani, na mume wangu akirudi atakwenda kwa walinzi. Wote watakuwa macho. Tueleze tu, yukoje? Uso wake ukoje?"

Gonshichi akafungua kinywa.

Aliona ukingo wa kibaba. Aliona tone. Aliona ndara na matope na kidole. Alitafuta juu ya kidole, akatafuta tena, na hapakuwa na kitu.

Otatsu alisema baadaye kwamba ni mtu wa kawaida, si mrefu, si mfupi, nao walinzi waliandika hivyo, na hawakumpata. Gonshichi hakubeba tena mafuta. Alihamia Honjo, na kila siku, tangu asubuhi mpaka mkwe wake arudi, aliketi kizingitini kwa binti yake na kumwamkia kila mwanamume aliyepita. "Habari za leo, bwana," alisema, akainamisha sikio. Wapita njia walimwona mzee mchangamfu asiye na kazi. Waliomjibu aliwasikiliza mpaka neno la mwisho, kisha akawaacha waende. Aliyepita akiinamisha kichwa tu, bila sauti, huyo alimsindikiza kwa macho mpaka ng'ambo ya daraja, na siku hiyo hakula.